Safari ya Ufini, Nchi ya Misitu na Maziwa

Iwapo umezoea kuhesabu maziwa ya nchi kwa vidole, hesabu ya Ufini itakushangaza. Nchi hiyo ya kaskazini mwa Ulaya, iliyo kati ya Uswidi na Urusi, ina maziwa 187,888, makubwa kwa madogo, na robo tatu ya ardhi yake imefunikwa na misitu. Eneo lake ni kilomita za mraba 338,000 hivi, kwa hiyo ni kubwa kuliko Uganda. Lakini watu wake wote, ambao ni takriban milioni 5.6, hawafiki hata sehemu moja ya nane ya watu wa Uganda.

Mwanzoni mwa Septemba nilipata nafasi ya kusafiri kwa gari nchini humo kwa siku saba. Tulikuwa watu wanne: mwenyeji wangu, ambaye ni mtumishi wa serikali kama mimi, mkewe, binti yao, nami. Tulianzia Helsinki, mji mkuu ulio pwani ya kusini, tukaelekea kaskazini-mashariki hadi Suomussalmi, karibu na mpaka wa Urusi. Safari yote ilikuwa kiasi cha kilomita 800.

Sikwenda kutazama majumba wala maduka. Nilitaka kujua jambo moja: watu hawa wamewezaje kukata miti kila mwaka na kuiuza ng'ambo kwa zaidi ya karne nzima, na msitu wao ungalipo? Kwetu sisi, ambako shoka na tanuri la mkaa vimekwisha kuvila vilima vingi, swali hilo si la mchezo.

KATIKA BARABARA KUU

Barabara ya Helsinki hadi mji wa Lahti, yapata kilomita 100, ni pana na nyororo. Baada ya mji wa Heinola barabara inakuwa nyembamba, na hapo ndipo msitu unapomfunika msafiri kweli kweli. Miti yenyewe ni ya aina chache. Upo msonobari wenye shina jekundu lililonyooka kama mlingoti wa jahazi. Upo mti mwingine wa jamii hiyo hiyo, wenye kiza, ambao matawi yake huning'inia hadi karibu na ardhi. Huo Wafini huuita kuusi. Na upo koivu, mti wenye gome jeupe, ambao majani yake yalikuwa yameanza kugeuka manjano kwa kukaribia majira ya baridi. Ni kweli kwamba baada ya saa mbili macho huchoka kwa kuona miti ile ile. Kisha ghafla maji hung'aa upande wa kulia, nyumba nyekundu ya mbao huonekana ng'ambo, na mara miti hufunga tena. Ndivyo ilivyo kwa mamia ya kilomita.

Wenzetu wa polisi watapenda kusikia habari za sheria za barabarani. Magari yote huwasha taa za mbele usiku na mchana. Wakati wa baridi mwendo uliokubaliwa hupunguzwa katika barabara nyingi, na matairi ya theluji ni lazima hali ya hewa inapodai. Mtu akikamatwa kwa mwendo wa kasi uliokithiri, faini yake hukadiriwa kwa kipato chake cha siku. Utaratibu huo ulianza mwaka 1921. Mwenye mshahara mdogo hutozwa kidogo na tajiri hutozwa kingi. Wapo waliotozwa zaidi ya euro 100,000 kwa kosa moja. Shabaha yake ni kwamba adhabu imuume kila mtu kwa kiasi kilicho sawa.

Hatari nyingine ya barabara hizo ni mnyama aitwaye hirvi. Ni mkubwa kuliko ng'ombe wetu wengi, ana miguu mirefu, na dume lake hubeba pembe pana kama ungo. Huweza kuzidi kilo 400, na aghalabu huvuka barabara alfajiri na magharibi. Gari likimgonga humpiga miguu, na mwili wote huja juu ya kioo cha dereva. Kwa sababu hiyo kuna vibao vya onyo kila mara, na katika barabara kuu kubwa kumejengwa ua mrefu wa waya. Kila mwaka, wakati wa majani kupukutika, hirvi kwa makumi ya maelfu huwindwa kwa leseni, na idadi ya watakaouawa hupangwa kabla ya bunduki ya kwanza kulia.

MAJI YA SAIMAA

Mji wa Mikkeli uko kilomita 230 hivi kutoka Helsinki. Wanajeshi wataukumbuka kwa kuwa hapo ndipo Jemadari Mannerheim alipokuwa na makao yake makuu wakati wa vita vya mwaka 1939 hadi 1944. Kutoka hapo unaingia katika nchi ya Ziwa Saimaa, ziwa kubwa kuliko yote ya Ufini, lenye kilomita za mraba 4,400 hivi. Mtu aliyezoea Ziwa Viktoria asitazamie maji mapana yasiyo na mwisho. Saimaa ni tandavu la ghuba, milango na visiwa kwa maelfu, hata hujui kama unatazama ziwa lenye visiwa au nchi kavu iliyochanika.

Katika mlango mmoja wa maji hayo, mjini Savonlinna, ipo ngome ya mawe iitwayo Olavinlinna. Ilianza kujengwa mwaka 1475, Ufini ilipokuwa chini ya utawala wa Uswidi, ili kuzuia majeshi ya kutoka mashariki. Mwaka 1809 Uswidi ilishindwa, na Ufini yote ikawa chini ya mfalme wa Urusi hadi ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Leo ngome hiyo haina mizinga ya vita. Kila mwaka wakati wa kiangazi huimbwa humo michezo ya kuigiza ya muziki, desturi iliyoanza mwaka 1912.

Mbele kidogo ya Savonlinna ni Punkaharju, mahali ambapo Wafini wenyewe hupasifu sana. Ni tuta jembamba la mchanga na changarawe, refu kiasi cha kilomita saba, lililoachwa na barafu kuu ilipoyeyuka mwishoni mwa zama za barafu. Barabara hupita juu ya mgongo wa tuta hilo, maji kushoto na maji kulia, na misonobari mirefu ikisimama pande zote mbili. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Urusi, Alexander wa Kwanza, alipopita hapo mwaka 1803 aliagiza miti yake isiguswe. Iwe ni kwa amri ile au kwa busara ya waliofuata, miti ipo. Tulisimamisha gari tukatembea kwa miguu zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyesema neno.

Katika ziwa hilo la Saimaa huishi sili wa aina isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Sili ni mnyama wa baharini anayenyonyesha. Maelfu ya miaka iliyopita, ardhi ilipoinuka baada ya barafu kuyeyuka, sili hawa walifungiwa ndani ya ziwa, mbali na bahari, wakabaki humo. Kwa muda mrefu wavuvi waliwaona kuwa wezi wa samaki, na serikali ililipa zawadi kwa kila aliyeua mmoja. Sheria ya kuwalinda ilikuja mwaka 1955, lakini mapema miaka ya 1980 hawakufika 200. Walikuwa wakizama ndani ya nyavu, hasa watoto wao.

Hatua iliyochukuliwa yafaa kufikiriwa nasi tunaokaa kando ya maziwa. Katika sehemu wanamozaliana sili, uvuvi wa nyavu hupigwa marufuku tangu tarehe 15 Aprili hadi 30 Juni, yaani majuma kama kumi na moja, wakati watoto wa sili wanapojifunza kuogelea. Na kwa kuwa sili huzalia ndani ya pango la theluji juu ya barafu, na siku hizi kuna miaka ambayo theluji ni haba, wakazi hujitolea kwenda na majembe kulimbika theluji mahali panapofaa, ili mama apate pa kujificha. Leo sili wa Saimaa ni takriban 500. Bado ni wachache, lakini idadi inapanda.

MEZA YA JOENSUU

Tulilala siku mbili karibu na mji wa Joensuu, katika nyumba ya wakwe wa mwenyeji wangu, kando ya ziwa. Akina mama wanaosoma ukurasa huu wataniuliza tulikula nini. Tulipewa andazi la Kikarelia, ambalo ni chapati nyembamba ya unga wa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, iliyojazwa uji mzito wa mchele uliopikwa kwa maziwa. Kingo zake hukunjwa kwa vidole mpaka liwe na umbo la mtumbwi, kisha huokwa katika joko kali. Juu yake hupakwa siagi iliyopondwa pamoja na mayai ya kuchemsha. Samaki wadogo wa ziwani walikaangwa kwa unga huo huo wa rai, wakaliwa wazima na mifupa yao, kama tulavyo sisi mukene.

Jioni moto uliwashwa katika sauna. Hiki ni chumba kidogo cha mbao chenye jiko la mawe. Mawe yakishika moto sana humwagiwa maji, na mvuke hujaza chumba. Watu huketi kimya wakatoka jasho, kisha hujitosa ziwani, hata maji yakiwa baridi kiasi cha kukata pumzi. Wanaume na wanawake wasio wa nyumba moja huingia kwa zamu. Yasemekana nchi nzima ina sauna zaidi ya milioni tatu. Zamani wanawake walijifungulia humo, kwa kuwa palikuwa mahali safi kuliko pote nyumbani, na maiti walioshewa humo. Hata vitani askari walijenga sauna nyuma ya mahandaki ili kuua chawa na kupumzisha mwili.

MOTO, NJAA NA SHERIA

Kutoka Joensuu tulipanda hadi Koli, kilima chenye urefu wa mita 347 kinachotazama Ziwa Pielinen. Mtu wa Kigezi au wa Elgon ataona kuwa hicho si kilima cha kujivunia, lakini kilele chake ni mwamba mweupe, na ukisimama juu yake unaona chini maji na visiwa vya miti hadi upeo wa macho. Wachoraji wa Ufini walipenda mahali hapo tangu mwisho wa karne ya 19.

Hapo ndipo nilipopata sehemu ya kwanza ya jibu langu. Msitu wa Koli, ambao mgeni hudhani haukuguswa tangu kuumbwa kwa dunia, ulikatwa na kuchomwa mara nyingi. Wakulima wa mashariki mwa Ufini waliishi kwa kufyeka: waliangusha miti, wakaiacha ikauke, wakaichoma, wakapanda rai katika majivu. Baada ya mavuno machache udongo ulichoka, wakahamia kwingine. Ni desturi tunayoijua vizuri. Mchoraji Eero Järnefelt aliichora kazi hiyo mwaka 1893: watu wakigeuza magogo yanayofuka moshi, na msichana mdogo, uso umejaa masizi, akimtazama mtazamaji kana kwamba anauliza kosa lake. Picha hiyo hutundikwa katika jumba la sanaa la Ateneum mjini Helsinki.

Nchi hiyo haikuwa tajiri. Mwaka 1866 hadi 1868 mvua na baridi viliharibu mavuno, na njaa pamoja na maradhi vikaua watu zaidi ya 100,000, katika taifa lililokuwa na watu chini ya milioni mbili. Wenye njaa walisaga gome la ndani la msonobari wakalichanganya na unga kidogo wakaoka mkate. Miti iliyobaki ilikatwa ovyo kwa mbao, kuni na lami. Wenye kuona mbali waliogopa kwamba msitu utakwisha kabisa. Mwaka 1862 ilifunguliwa shule ya misitu huko Evo, na mwaka 1886 ikatolewa sheria iliyopiga marufuku kuuharibu msitu. Leo hii mwenye kukata shamba lake la miti analazimika kuhakikisha kwamba miti mingine inaota mahali pale.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafini walifungua daftari. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1924 walipima misitu ya nchi nzima kwa mara ya kwanza, wataalamu wakivuka nchi kwa mistari iliyonyooka, kupitia vinamasi na vichaka, wakihesabu na kupima miti. Kazi hiyo imerudiwa mara kwa mara hadi leo. Kutokana na daftari hilo inajulikana kwamba miti iliyosimama sasa ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya miaka ya 1960, ijapokuwa viwanda vya mbao na karatasi havikulala.

NANI MWENYE MSITU?

Lakini sheria peke yake haitoshi. Sote tunajua sheria nzuri zilizolala kabatini. Sehemu ya pili ya jibu niliipata njiani, baada ya mji wa Nurmes, tulipoegesha gari kando ya barabara ya vumbi ili kuchuma matunda madogo mekundu yaitwayo puolukka. Vichaka vyake hufika kwenye kifundo cha mguu tu, na vilienea chini ya miti kama zulia. Niliuliza kama msitu ule ni wa mwenyeji wangu au wa serikali. Akanijibu kuwa ni wa mkulima fulani asiyemjua. Baada ya muda alipita mzee juu ya trekta; alitupungia mkono, akaenda zake. Huenda alikuwa ndiye mwenye mali.

Huko kila mtu, mwenyeji au mgeni, ana haki ya kupita katika msitu wa mwenzake kwa miguu, kulala katika hema usiku mmoja au mbili, kuchuma matunda ya porini na uyoga, na kuvua kwa ndoana. Fedha zinazopatikana kwa kuuza matunda hayo hazikatwi kodi. Lakini haki hiyo ina mipaka, na kila mtoto huifahamu. Usikaribie nyumba ya mtu hata ukamsumbua. Usikanyage mazao. Usikate mti wala tawi. Usiwashe moto pasipo ruhusa ya mwenye ardhi. Usiingize gari msituni. Usiwaguse ndege wanaoatamia. Usiache taka. Katika siku zote saba sikuona askari hata mmoja aliyesimama nyuma ya mti kulinda masharti hayo, wala sikuona kopo la bia kando ya njia za msituni tulizopita.

Nilimwuliza mwenyeji wangu sababu, naye akanieleza historia ya ardhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wengi wa Ufini walikuwa wapangaji na vibarua katika mashamba ya wengine. Chuki hiyo ilikuwa moja ya kuni za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1918, vilivyoua watu zaidi ya 36,000 kwa miezi michache. Mwaka huo huo, baada ya damu kumwagika, ilitolewa sheria iliyowawezesha wapangaji kuvinunua viwanja walivyovilima, pamoja na kipande cha msitu. Kisha vilikuja vita na Muungano wa Kisovieti, na baada yake zaidi ya watu 400,000 wa Karelia walilazimika kuhama kutoka sehemu iliyochukuliwa. Sheria ya mwaka 1945 iliwapa wakulima miongoni mwao, na askari waliorudi kutoka vitani, mashamba mapya na msitu wa kujengea nyumba na kupatia kuni.

Matokeo yake ni kwamba leo zaidi ya nusu ya misitu ya Ufini ni mali ya watu binafsi, na wenye misitu ni takriban 600,000. Wengine ni walimu, wauguzi na madereva mijini, wenye hekta chache walizorithi kwa babu. Msonobari huchukua miaka 60 hadi 100 kukomaa, kwa hiyo anayepanda hupandia wajukuu. Na yule asiye na hata mti mmoja, bado ana ndoo yake ya matunda. Kila mtu ana fungu, na mwenye fungu hulinda.

Miongoni mwa watoto waliohama Karelia alikuwamo Martti Ahtisaari, aliyezaliwa Viipuri mwaka 1937. Alihitimu ualimu wa shule ya msingi mwaka 1959, akawa balozi wa Ufini mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1970, akaongoza kazi ya Umoja wa Mataifa iliyosimamia uhuru wa Namibia mwaka 1989 na 1990, ambako askari wa Kenya na wa Ufini walilinda amani katika ujumbe mmoja. Alikuwa Rais wa Ufini tangu 1994 hadi 2000, akapewa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2008. Alifariki mwaka 2023.

BARABARA YA RAATE

Kati ya Nurmes na Kuhmo nyumba huwa chache na vinamasi vingi. Hii ni nchi iitwayo Kainuu, ambako zamani watu waliishi kwa kuchoma lami kutoka mizizi na magogo ya msonobari, wakaisafirisha kwa mitumbwi mirefu hadi bahari ya Oulu ili kupakwa merikebu za Ulaya. Katika mji wa Kajaani, ulio magharibi yake, aliishi mganga Elias Lönnrot, aliyekusanya nyimbo za kale za wanakijiji akazitunga kuwa utenzi mkuu wa taifa, Kalevala, uliotolewa kwanza mwaka 1835. Utenzi huo ulikwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili pia, na Jan Knappert.

Huko Suomussalmi ipo barabara nyembamba inayokwenda mashariki, kupitia Raate, hadi mpakani. Wenzetu wanajeshi wangefaa kuiona. Majeshi ya Kisovieti yaliingia Ufini tarehe 30 Novemba 1939. Mwanzoni mwa Januari 1940 divisheni ya 44, iliyotoka Ukraine, ilikuwa imejipanga katika barabara hiyo moja kwa kilomita nyingi, pamoja na vifaru, mizinga, farasi na malori. Baridi ilipita nyuzi 30 chini ya sifuri. Askari wale hawakuwa na mafunzo ya kwenda kwa ski, na theluji ya msituni iliwazuia kutoka barabarani. Wafini, waliokuwa wachache kuliko wao chini ya uongozi wa Kanali Siilasvuo, walitengeneza njia za ski ndani ya msitu, wakavaa nguo nyeupe, wakala chakula cha moto katika mahema yenye majiko, kisha wakaikata safu ile vipande vipande. Kila kipande walikiita motti. Neno hilo ni la wakata kuni, na maana yake ni fungu la kuni la mita moja ya ujazo, lililopangwa tayari kupasuliwa.

Divisheni ile iliangamia. Wengi waliganda kwa baridi kabla ya kupigwa risasi, na mkuu wao aliuawa kwa amri ya serikali yake mwenyewe. Vita vile vya siku 105 viliwaua Wafini wapatao 26,000, na Wasovieti mara nyingi zaidi ya hao. Mwaka 1941 Ufini iliingia vitani tena, safari hiyo bega kwa bega na Ujerumani, ikashindwa mwaka 1944. Ikalipa fidia ya meli, mashine na mbao hadi mwaka 1952.

Kando ya barabara ya Raate yapo makumbusho yaliyojengwa mwaka 2003. Ni uwanja uliotandazwa maelfu ya mawe makubwa, mawe kwa ajili ya waliokufa wa pande zote mbili, na katikati yake mnara wenye kengele 105, moja kwa kila siku ya vita. Upepo ukivuma kengele hulia zenyewe. Ufini ilijiunga na jumuiya ya kujihami ya NATO mwezi Aprili 2023, na mwisho wa mwaka huo ilifunga vituo vyake vya barabara vya mpakani na Urusi. Kwa hiyo mlio wa kengele zile si habari za zamani tu kwa wenyeji. Vijana wa kiume hulazimika kutumikia jeshi kwa siku 165 hadi 347, na wasichana huweza kujitolea tangu mwaka 1995.

WALIYOBAKI NAYO, NA WANAYOBISHANIA

Nisije nikadhaniwa kuwa nimeyaona mazuri tu. Katika karne ya 20 karibu nusu ya vinamasi vya Ufini vilichimbwa mifereji ili vikauke na kuota miti, na maji yaliyotoka humo yalitia weusi mito na maziwa. Misitu mikongwe isiyoguswa imebaki michache, hasa kusini. Siku hizi pana ubishi mkali nchini: je, miti haikatwi kwa wingi kupita kiasi? Hesabu zao wenyewe zilionyesha kwamba mwaka 2021 misitu na ardhi ya nchi hiyo, kwa jumla, ilitoa hewa chafu kuliko ilivyoimeza, jambo lililowashtua wengi. Chovya chovya humaliza buyu la asali, hata buyu likiwa kubwa namna gani. Tofauti ni kwamba wao wanabishana wakiwa na daftari mkononi.

Tangu mwaka 2017 askari wa jeshi la Uganda walipelekwa maziwani kuzuia uvuvi haramu, na wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua kazi hiyo kuliko mimi. Wanajua pia kwamba askari hawezi kusimama nyuma ya kila mtumbwi wala kila tanuri la mkaa. Mvuvi wa Saimaa huacha wavu wake majuma kumi na moja kwa sababu ana hakika kwamba jirani yake naye ameuacha, na kwamba ziwa likijaa, atapata sehemu yake. Mtu asiye na hakika hiyo huvua usiku.

Twaweza kuanza na yaliyo karibu. Kambi na vituo vyetu vina viwanja. Familia za humo zaweza kugawiwa safu za miti ya kuni na ya matunda, kila nyumba na safu yake, na daftari la kuandika iliyopandwa, iliyokufa na iliyokatwa. Watoto wafundishwe masharti ya kuchuma kama wanavyofundishwa kuhesabu. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji kwamba yule atakayemwagilia leo aandikwe jina, na apewe neno la uhakika kwamba kivuli na kuni vitakuwa vyake na vya wanawe.